Nyanya wa nyanya yako aliitwa nani?

HEBU nikuulize swali kabla hujaendelea kupitisha kidole kwenye simu yako: nyanya wa nyanya yako aliitwa nani? Usimpigie mamako. Usitazame dari. Jibu sasa hivi.

Kama wewe ni kama mimi, umekwama. Unalijua jina la nyanya, na pengine la mamake kwa sababu dadako mkubwa aliitwa kwalo. Baada ya hapo ni giza totoro. Lakini nikikuuliza wachezaji wa Arsenal, utanitajia wote mpaka wale wa benchi.

Swali hilo si langu. Liliulizwa mwaka jana ndani ya gari dogo la kukodi, kwenye barabara nyembamba ya kijijini kusini magharibi mwa Ayalandi. Aliyeuliza ni shemeji yangu, Mmarekani kutoka Boston. Aliyeulizwa ni mkewe, binamu yangu, mzaliwa wa Nairobi ambaye ocha yao ni Bungoma. Binamu alikuwa kwenye usukani. Huko wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na shemeji, aliyezoea upande wa kulia, alikuwa ameshaogopa siku ya kwanza akakabidhi funguo kwa mtu aliyejifunzia gari Thika Road.

Ananiambia hakujibu. Alijifanya anaitazama barabara.

Nimekaa na kisa hicho kwa miezi kadhaa, na nimeamua kukuletea. Naamini kinatuhusu mimi na wewe kuliko kinavyowahusu Waayalandi.

Safari yenyewe

Walikuwa na siku kumi. Wengi wetu tukisikia mtu na mkewe wanaenda Ulaya, tunawaza Paris, mnara na picha za Insta. Hawa walienda kutafuta kaburi. Shemeji alikua akisikia kwamba nyanya wa nyanya yake alitoka Ayalandi akiwa msichana, mwaka 1886, na hakurudi tena. Hakuna aliyejua kijiji. Kulikuwa na jina, mwaka, na neno Cork, ambalo ni kaunti kubwa kuliko zote nchini humo.

Walianzia Dublin. Kando ya mto Liffey kuna sanamu za watu waliokonda mpaka mbavu zahesabika, wakijikokota kuelekea melini. Ni ukumbusho wa Njaa Kuu ya kati ya 1845 na 1852. Ugonjwa wa ukungu uliozesha viazi shambani, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula pekee cha maskini. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakakimbilia ng'ambo. Wakati huohuo, meli ziliendelea kupakia nafaka na mifugo ya Ayalandi kupeleka Uingereza, iliyokuwa ikiitawala nchi hiyo. Nchi iliyokuwa na zaidi ya watu milioni 8 mwaka 1841, leo kisiwa kizima kina kama milioni 7. Fikiria hilo. Karibu miaka 180 imepita, na hawajarudi walipokuwa.

Hatua chache kutoka hapo kuna makumbusho ya wahamaji yanayoitwa EPIC, yaliyofunguliwa 2016. Na kwenye Maktaba ya Taifa, barabara ya Kildare, kuna watu ambao kazi yao ni kukusaidia kutafuta ukoo wako, tena bure. Unaingia na jina la babu, wanakuonyesha pa kuanzia.

Kutoka Dublin waliteremka hadi Kilkenny, mji mdogo wenye kasri kubwa ambalo wenyewe waliwauzia wenyeji mwaka 1967 kwa pauni 50. Naam, pauni 50, bei ya kiatu. Kisha New Ross, ambako mtoni kumeegeshwa mfano wa meli ya Dunbrody, moja ya zile zilizobeba watu wakati wa njaa. Unashuka tumboni mwa meli, unaona vitanda vya mbao ambavyo familia nzima ilibanana kwa wiki nyingi. Watu walikuwa wakifa njiani na kutoswa baharini, ndiyo maana meli mbovu za wakati huo zikapewa jina la meli za majeneza.

Ni kutoka bandari hiyo ya New Ross ambako kijana mmoja aitwaye Patrick Kennedy alipanda meli wakati wa njaa hiyo. Kitukuu wake, John F. Kennedy, alirudi Juni 1963 akiwa Rais wa Marekani, akanywa chai na jamaa zake shambani Dunganstown. Miezi mitano baadaye aliuawa.

Mji wa kuagana

Kusini kuna mji unaoitwa Cobh. Kijana, usiutamke unavyouona, utachekwa. Ni "Kov". Nyumba za rangirangi zimeshikana mkono kwenye mteremko, na juu yake kanisa kuu lenye kengele 49. Ni mahali pa selfi kwelikweli, na binamu alipiga nyingi.

Lakini Cobh ni mji wa machozi. Waingereza waliuita Queenstown baada ya Malkia Victoria kupita hapo 1849, na jina hilo likakaa mpaka 1920. Ndiyo bandari ya mwisho ambayo Titanic ilitia nanga, Aprili 11, 1912. Na kati ya 1848 na 1950, watu wapatao milioni 2.5 waliondokea hapo kwenda kutafuta maisha. Nyanya wa nyanya wa shemeji alikuwa mmoja wao.

Unajua usiku wa kuamkia safari walikuwa wakifanya nini? Familia ilikesha kama mtu anavyokeshewa akifa. Watu walikula, wakacheza ngoma, na alfajiri wakalia. Uliitwa mkesha wa Marekani. Walijua anayeondoka hatarudi. Hakukuwa na simu wala tikiti ya Krismasi. Mama aliyemwona bintiye akishuka kuelekea bandarini alikuwa anamzika akiwa hai.

Sasa njoo JKIA usiku wowote. Tazama zile familia zilizoandamana na binti anayeenda Riyadh au kijana anayeenda Doha. Maombi, picha, machozi, mama akimshika mtu shati. Sisi tuna WhatsApp, nashukuru Mungu. Lakini usinidanganye kwamba mkesha ule umeisha duniani.

Pale bandarini Cobh kuna sanamu ya msichana na wadogo zake wawili wa kiume. Ni Annie Moore. Januari 1, 1892 alikuwa mhamiaji wa kwanza kusajiliwa kwenye kituo kipya cha Ellis Island, New York, akiwa na miaka 17. Ana sanamu nyingine huko huko New York. Na hapa ndipo kisa chake kinaponifurahisha. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba Annie alihamia Texas, na ukoo mmoja huko ukajivunia kuwa wajukuu wake. Mwaka 2006 mtafiti mmoja wa nasaba akachimba karatasi na kugundua kwamba Annie wa Texas alikuwa mtu mwingine kabisa, tena mzaliwa wa Marekani. Annie mwenyewe hakutoka New York. Aliishi mitaa ya maskini, akazaa, akazika watoto kadhaa, akafa 1924 na kulazwa kaburi lisilo na jina mpaka 2008, wajukuu na vitukuu wake wa kweli walipomwekea jiwe.

Ona basi. Mtu maarufu, mwenye sanamu mbili, alipotea kwenye ukoo wake mwenyewe. Mimi na wewe tusio na sanamu itakuwaje?

Ukuta wa mawe na upupu

Jina la kijiji lilipatikana kabla ya safari, na halikupatikana kwa bahati. Ayalandi ilipoteza kumbukumbu zake nyingi. Juni 30, 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, jengo la nyaraka za taifa pale Four Courts, Dublin, lililipuka na kuteketea. Karne kadhaa za karatasi ziligeuka majivu, zikiwemo hesabu za watu za karne ya 19. Mtu angesema basi, yamekwisha.

Hawakusema hivyo. Walirudi kwenye vilivyobaki. Hesabu za watu za 1901 na 1911 zimewekwa kwenye intaneti, bure. Rejista za ubatizo za parokia za Katoliki zilipigwa picha na kuwekwa na Maktaba ya Taifa mwaka 2015, bure pia. Mwaka 2022, miaka 100 baada ya moto, wakazindua hazina ya kidijitali inayokusanya nakala za zilizoungua kutoka maktaba za kila pembe ya dunia. Shemeji alikaa Boston usiku kucha, akisoma mwandiko wa padri mbaya kuliko wa daktari wetu wa hospitali, mpaka akamwona: mtoto wa kike, 1868, jina la baba, jina la mama, wasimamizi wawili wa ubatizo, na jina la kitongoji karibu na mji wa Skibbereen.

Skibbereen yenyewe ni mji mtulivu wa soko. Nje kidogo kuna makaburi ya Abbeystrewry, na ndani yake kiwanja cha nyasi kisicho na mawe ya majina. Chini ya nyasi hizo kuna watu kati ya 8,000 na 10,000 waliokufa kwa njaa. Binamu anasema alitembea pembeni kwa vidole, kama mtu aliyeingia chumba ambamo watoto wamelala.

Kisha wakafika kwenye kitongoji. Unajua walichokuta? Ukuta wa mawe unaofika kiunoni. Upupu. Ng'ombe wawili wanaowatazama. Hakuna nyumba, hakuna mwenyeji wa ukoo, hakuna kibao. Mzee jirani aliyekuja na mbwa wake aliwaonyesha kwa fimbo tu palipokuwa mlango.

Shemeji ni jitu la futi sita. Alisimama pale mlangoni pasipo na mlango, akalia kama mtoto.

Walipokuwa wakirudi ndipo alipouliza, bila ubaya wowote, kama mtu mwenye furaha anayetaka kugawana: "Na wewe je? Nyanya wa nyanya yako aliitwa nani?"

Mzungu ambaye ukoo wake ulitawanywa na njaa, ukavuka bahari, ukapoteza lugha yake na karatasi zake kuungua, alikuwa anajua. Binti wa Bungoma, ambaye kaburi la babu liko nyuma ya nyumba ya nyanya, hakujua.

Si fulana ya kijani

Sitaki udhani nakuuzia Ayalandi. Galway walipopita ni mji wa raha, wanamuziki kila kona, na shemeji alimnunulia mkewe ile pete ya Claddagh yenye mikono miwili iliyoshika moyo wenye taji: urafiki, mapenzi na uaminifu. Lakini kuna biashara kubwa ya asili huko. Fulana za kijani, vikombe vyenye nembo ya ukoo wako hata kama hujui ni wako, jiwe la Blarney unalolibusu umelala chali kisha unapigwa picha ya kulipia. Mwaka 2013 nchi nzima ilialika wana wa wahamaji waje nyumbani, na ni wazi kwamba pamoja na upendo, walikuwa wanahitaji pia pesa zao, kwa kuwa uchumi ulikuwa umeanguka. Wenyeji wenyewe huwacheka Wamarekani wanaoshuka ndege wakijiita Waayalandi kuliko Waayalandi.

Na kuna jambo chungu. Mtu ambaye hata nyanya yake mmoja tu alizaliwa kwenye kisiwa hicho anaweza kuomba uraia. Wewe na mimi lazima tuombe viza, tulete taarifa za benki za miezi kadhaa, na huenda tukakataliwa. Karatasi ya nyanya ina thamani ya pesa taslimu huko. Kwa hivyo usiniambie kwamba kujua ukoo ni mambo ya wazee wasio na kazi.

Lakini kile kilichomliza shemeji hakikuuzwa dukani. Kilikuwa ukuta na jina.

Binamu alikuwa na ombi moja la mwisho: wapinde kidogo wapite Moneygall. Ni kijiji cha barabara moja, na Mkenya yeyote akifika Ayalandi ana sababu ya kusimama pale. Mwaka 1850, mtoto wa fundi viatu aitwaye Falmouth Kearney aliondoka hapo kwenda Marekani. Mei 23, 2011, kilembwekeza chake aliingia kijijini na mkewe, akanywa bia kwenye baa ya mtaani. Jina lake Barack Obama. Siku hizi kando ya barabara kuu kuna kituo cha mafuta na chipsi kinachoitwa Barack Obama Plaza. Binamu alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akanunua kahawa.

Sasa fikiria pande mbili za mtu huyu mmoja. Upande wa mama ulipatikana kwenye rejista za zamani za kanisa, karatasi iliyosubiri zaidi ya miaka 150 mtu aje aifungue. Upande wa baba haukuwa kwenye karatasi yoyote. Ulikuwa kichwani mwa Mama Sarah, kule Kogelo. Obama alipokuja Kenya mara ya kwanza akiwa kijana, miaka ya 1980, alikaa chini na bibi huyo akamsimulia ukoo kwa Kijaluo, mtu akazaa mtu akazaa mtu, huku dadake Auma akimtafsiria. Akaandika. Kitabu kikatoka 1995.

Mama Sarah alifariki Machi 2021. Je, kama kijana yule angesema atakuja mwaka ujao, na mwaka ujao, mpaka mambo yapoe?

Rejista ya parokia haina presha wala kisukari. Nyanya yako anavyo vyote viwili.

"Lakini si hiyo ndiyo ukabila?"

Najua kuna atakayesema: achana na mambo ya ukoo bana, ndiyo yaliyotuchinjisha 2008. Sisi vijana wa Nairobi tumeshatoka huko. Kabila letu ni mtaa.

Ninauheshimu wasiwasi huo. Waayalandi nao wanaujua. Kaskazini mwa kisiwa chao, watu wapatao 3,500 waliuawa kwa miongo mitatu kwa sababu ya nani ni wa upande gani, mpaka mkataba wa 1998 ulipotuliza mambo. Asili ikiwa ni bendera ya kupigania, inaua.

Lakini tazama vizuri. Wanaopigana kwa jina la asili mara nyingi ndio wasioijua. Wanajua jina la kabila tu, hawajui majina ya watu. Ukishuka kwenye majina, mambo yanachanganyika haraka. Chukua huyo John Fitzgerald Kennedy. Kennedy ni jina la Kiayalandi. Fitzgerald, la upande wa mamake, lilikuja na Wanormani waliovamia nchi karne ya 12. Mvamizi na mvamiwa ndani ya mtu mmoja, na Waayalandi wamebandika picha yake ukutani kando ya ile ya Papa.

Na majina yao yanafanya kazi kama yetu. Ile O' ya O'Brien maana yake ni mjukuu au mzao wa. Mac ni mwana wa. Mkalenjin anasema arap, Mmaasai anasema ole, Mkikuyu anasema wa. Kila mtu duniani alikuwa akitembea na babake mdomoni mpaka fomu za serikali zilipokuja.

Mimi mwenyewe nimegundua juzi kwamba damu yangu si safi kama wajomba walivyokuwa wakijigamba kwenye sherehe. Nitakueleza nilivyogundua.

Mchana mmoja Bungoma

Binamu alikuja nyumbani Agosti. Hakuenda Mombasa. Tulipanda gari la usiku, yeye na mimi, mpaka kwa kukhu, kwa sababu kukhu wake ndiye wangu pia, na aibu yake ni yangu. Tulimkuta amekaa kivulini akichambua maharagwe. Tukamsaidia. Tukaweka simu juu ya kigoda, tukabonyeza kitufe cha kurekodi, tukamwuliza.

Alinyamaza kidogo, akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Wajukuu wangu, mbona siku zote hizi hamkuniuliza?"

Akaanza. Aliongea saa tatu. Hakutumia miaka. Sisi Wabukusu tuna mzunguko wa marika ya tohara, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, na mengineyo mpaka manane, kisha unaanza upya. Kila mwanamume aliyemtaja alimpa rika lake, na ukihesabu marika unakaribia mwaka. Kumbe tulikuwa na rejista siku zote. Ni vile sisi wa Nairobi hatujui kuisoma.

Hapo ndipo tuliposikia kwamba mama wa babake alitoka kwa Wasabaot, mlimani Elgon. Aliolewa upande wa chini, akajifunza lugha akiwa mke wa mtu. Mimi niliyewahi kucheka vichekesho vya kijinga kuhusu Wasabaot nilikaa kimya kabisa nikichambua maharagwe.

Tukamwuliza kuhusu upande wa babu. Kukhu akatikisa kichwa. Yeye aliolewa tu pale, alijua kidogo. Aliyejua ni babu mwenyewe, na ndugu yake mkubwa. Babu alituacha 2020. Ndugu yake alitangulia. Tulihudhuria mazishi yote mawili, mimi na binamu. Tulikuwa na fulana zenye picha yao kifuani, na programu ya kurasa nane iliyopigwa chapa vizuri. Hakuna aliyekuwa ameuliza chochote. Upande huo umekwisha, na hakuna Maktaba ya Taifa itakayoturudishia.

Kisha binamu akauliza lile swali lililomfanya asafiri. Nyanya wako wewe, kukhu, aliitwa nani?

Kukhu akalitaja papo hapo, bila kufikiri. Sitaliandika hapa, ni la kwetu. Nitakwambia tu kwamba ni jina ambalo Wabukusu humpa msichana aliyezaliwa wakati wa njaa. Wenzangu wa Bungoma na Trans Nzoia mmeshalijua.

Binamu alitoka nje ya ua, akampigia mumewe Boston. Huko kulikuwa bado asubuhi. Nilimsikia akimwambia, nyanya wa nyanya yangu naye alikuwa mtoto wa njaa. Kisha wote wawili wakanyamaza simuni, muda mrefu, pesa zikienda.

Ile njaa haina sanamu kando ya mto. Haina meli ya makumbusho, wala mtu wa kukuuzia tikiti. Ilichoacha ni jina la msichana, na jina hilo lilikuwa limebaki kwenye kinywa kimoja tu, cha mwanamke wa miaka themanini na kitu anayechambua maharagwe.

Kwa hivyo ufanye nini?

Huhitaji tikiti ya Dublin. Huhitaji kutema mate kwenye kichupa ukatume ng'ambo kwa dola mia moja. Unahitaji nauli ya matatu na simu uliyonayo mkononi sasa hivi.

Nenda ocha kabla ya matanga, si wakati wa matanga. Usiende Desemba wakati kila mtu ana kelele. Nenda siku ya kawaida, ukae, ushike kazi ya mikono pamoja naye, maana wazee wetu hawasimulii mtu aliyekaa kama askari anayehoji. Uliza majina, na uulize maana ya majina. Uliza nani alitoka wapi akaolewa wapi. Uliza kuhusu wanawake hasa, kwa sababu hao ndio wanaopotea kwanza. Uliza makaburi yako wapi, hata yale ambayo sasa ni shamba la mahindi la mtu mwingine.

Omba uone lile sanduku chini ya kitanda. Humo mna kadi za ubatizo, risiti za kodi, pengine kipande cha babu cha wakati wa mkoloni. Piga picha. Picha za zamani, andika majina nyuma yake kwa kalamu ya risasi, leo. Kama ukoo wako ulisoma misheni, parokia ina rejista zake, sawa na zile za Cork. Muombe padri kwa adabu. Na ukiwa katikati ya jiji, lile jengo la Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue si mahali pa kukutania tu mkienda kula. Lina mlango. Ingia.

Na wewe unayejiandaa kwenda majuu, sikulaumu hata kidogo. Nenda, Mungu akufungulie. Lakini kumbuka kwamba mambo yale yote niliyokusimulia, miji ile mizuri, sanamu, meli na machozi ya shemeji, yalitokana na vijana wa umri wako walioondoka bila kuacha maelezo. Miaka 130 baadaye kilembwe anahangaika usiku kucha kusoma mwandiko wa padri. Mwachie wako kitu kilicho rahisi kuliko hicho. Andika ulitoka kijiji gani, nani alikusindikiza, na jina la mama wa nyanya yako.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Mimi ningeongeza kwamba hata kuiacha, lazima kwanza uijue. Huwezi kuacha kitu ambacho hukuwahi kukishika.

Kwa hivyo nakuuliza tena, na safari hii nakuruhusu kupiga simu. Kama anayeweza kujibu bado yuko hai, mpigie leo. Salio likiisha, mwambie utakuja Jumamosi. Kisha uende kweli.